Umelalamikiwa kuhusu alama ya biashara kwenye tovuti yako binafsi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye tovuti yake mwenyewe, asiye na idara ya sheria wala fungu la kuendeshea kesi, ambaye ghafla ameandikiwa na kampuni au na wakili wake. Nimeona kurasa za kweli na zenye manufaa zikifutwa siku hiyo hiyo kwa sababu ya barua isiyo na hoja. Nimeona pia barua zenye hoja zikipuuzwa hadi mwenye tovuti akanyang'anywa kikoa, yaani jina la anwani ya tovuti yake. Yote mawili yanaepukika. Karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye swali moja: msomaji wa kawaida akifika kwenye ukurasa wako, atadhani anayezungumza ni kampuni hiyo, au ataelewa kwamba ni wewe? Haya ni maelezo ya jumla, na sheria ya nchi yako ndiyo yenye neno la mwisho.

Nimepokea barua pepe ikidai nimevunja haki za alama ya biashara. Nianzie wapi?

Usijibu siku hiyo hiyo. Barua za aina hii nyingi huandikwa ili zikushtue, na jibu la hasira au la kuomba radhi lililotumwa kwa haraka linaweza kugeuka kielelezo dhidi yako. Isome mara mbili, kisha andika pembeni mambo matatu: ni nani ameandika, anataka nini hasa, na ametoa muda hadi lini.

Baada ya hapo hifadhi kila kitu. Barua pepe itunze kama ilivyokuja, pamoja na taarifa zake zote za utumaji, si picha yake tu. Ukurasa unaolalamikiwa upige picha ya skrini ukiwa mzima, anwani na tarehe zikionekana, na nakala ya faili zake iweke mahali pengine nje ya seva. Kama ukurasa ni wa zamani, angalia kama umehifadhiwa kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo hutunza nakala za zamani za kurasa za intaneti. Tarehe ambayo ukurasa ulionekana hadharani kwa mara ya kwanza inaweza kuwa na uzito mkubwa, hasa mkibishana nani alianza kulitumia jina.

Usifute chochote kabla ya kuhifadhi. Ukiwa na wasiwasi, uondoe ukurasa hadharani kwa muda huku nakala ikibaki kwako. Kufuta moja kwa moja baada ya kupata barua kunaweza kuonekana mahakamani kama kuharibu ushahidi, na wewe mwenyewe utakuwa umejinyima kitu cha kujitetea nacho.

Nitajuaje kama barua ni ya kweli?

Matapeli wanazijua barua hizi vizuri. Baadhi hutuma “malalamiko” yenye kiambatisho au kiungo cha kubofya, na kilichomo ni programu ya kuiba nywila. Wengine hudai kwamba kuna mtu anataka kusajili jina lako katika nchi ya mbali, kisha wanakuuzia vikoa usivyovihitaji. Kwa hiyo usifungue kiambatisho. Tafuta ofisi ya wakili huyo kwa njia yako mwenyewe, upige simu kwa namba uliyoipata kwingine, si ile iliyo kwenye barua. Jina la wakili liangalie kwenye orodha ya chama cha mawakili cha nchi yake.

Alama yenyewe nayo unaweza kuitafuta bila malipo. Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO, lina hazina iitwayo Global Brand Database, na ofisi za Ulaya na washirika wao wana TMview. Utaona mwenye alama ni nani, imesajiliwa nchi gani, kwa bidhaa gani, na kama bado iko hai. Kutoiona huko hakumalizi jambo, kwa kuwa baadhi ya nchi hulinda pia alama ambazo hazijasajiliwa.

Wanachanganya “alama ya biashara” na “hakimiliki”. Kuna tofauti inayonihusu?

Ndiyo, kubwa sana. Hakimiliki hulinda kazi iliyobuniwa: maandishi, picha, muziki, programu. Alama ya biashara hulinda ishara inayomwambia mnunuzi bidhaa imetoka kwa nani: jina, nembo, wakati mwingine hata rangi au umbo la chupa. Haimpi mwenyewe umiliki wa neno popote linapotajwa. Usajili hufungwa kwenye nchi fulani na kwenye bidhaa au huduma fulani; mfumo wa Nice wa kupanga bidhaa na huduma, unaotumika katika nchi nyingi, una madaraja 45, ambapo 34 ni ya bidhaa na 11 ya huduma. Ndiyo maana kampuni mbili zinaweza kuwa na jina moja, moja ikitengeneza matairi na nyingine ikiuza bima, bila mgogoro.

Tofauti hii inakugusa moja kwa moja pale barua inapotaja sheria ya Marekani ya mwaka 1998 iitwayo DMCA. Utaratibu wake wa kuondoa maudhui kwa notisi, na wa wewe kupinga notisi hiyo, ni wa hakimiliki peke yake. Mtu anayetumia notisi ya DMCA kulalamikia jina la kampuni ametumia chombo kisicho chake, na una haki ya kulisema hilo kwenye jibu lako.

Barua yenyewe nisomeje?

Neno kwa neno. Chukua sentensi hii, ambayo hujitokeza kwa sura nyingi:

“Matumizi yako ya alama ya mteja wetu bila ruhusa yanaleta mkanganyiko kwa watumiaji na kuharibu sifa ya alama hiyo. Tunakutaka uondoe maudhui yote yanayohusika ndani ya siku saba, la sivyo mteja wetu atachukua hatua za kisheria bila kukuarifu tena.”

“Alama ya mteja wetu”: ipi? Dai lililoandaliwa vizuri hutaja namba ya usajili, nchi na bidhaa. Lisipotaja, una swali la kwanza la kuuliza.

“Bila ruhusa”: neno hili linakufanya ujisikie mkosaji, lakini si kila matumizi yanahitaji ruhusa. Huhitaji ruhusa ya mtengenezaji wa gari kuandika kwamba gari lake linakunywa mafuta.

“Mkanganyiko”: huu ndio moyo wa dai. Nani amechanganyikiwa, na kuhusu nini? Wakiwa na mfano wa mteja aliyewaandikia akidhani tovuti yako ni yao, dai lina nguvu, na wewe mwenyewe ungependa kuujua mfano huo.

“Kuharibu sifa ya alama”: hili ni dai lingine kabisa, na nchini Marekani ni la alama mashuhuri tu. Sheria yao iliyorekebishwa mwaka 2006 inatoa nje ya dai hilo taarifa za habari, matumizi yasiyo ya kibiashara, na matumizi ya haki kama ukosoaji na mzaha.

“Maudhui yote yanayohusika”: hakuna anwani ya ukurasa, hakuna sentensi iliyonukuliwa. Huwezi kuondoa kitu ambacho hujaonyeshwa.

“Siku saba”: mara nyingi muda huu umewekwa na aliyeandika, haumo kwenye sheria yoyote. Hata hivyo uheshimu, angalau kwa kutuma ujumbe mfupi kwamba barua imefika na utajibu tarehe fulani. Muda uliowekwa na mahakama au na utaratibu wa migogoro ya vikoa ni jambo jingine, huo hauchezewi.

Je, kulitaja tu jina la kampuni ni kosa?

Kwa kawaida, hapana. Huwezi kueleza namna ya kutengeneza simu fulani, kulinganisha programu mbili au kusimulia ulivyohudumiwa bila kutaja jina. Sheria nyingi zinalielewa hilo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2017 kuhusu alama za biashara, katika kifungu cha 14, inamruhusu mtu kutumia alama ili kuitambulisha bidhaa kuwa ni ya mwenye alama, mradi afanye hivyo kwa uaminifu wa kibiashara. Mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu miliki bunifu, nao unaziachia nchi nafasi ya kuweka ruhusa za namna hii.

Kesi inayotajwa sana Marekani ni ya mwaka 1992. Kundi la muziki la New Kids on the Block liliyashtaki magazeti yaliyowauliza wasomaji wapige simu za kulipia kusema ni mwanamuziki gani wa kundi hilo wanayempenda zaidi. Magazeti yalishinda, ingawa yaliingiza pesa kwa simu hizo. Mahakama ya rufaa iliuliza maswali matatu ambayo wewe pia unaweza kujiuliza ukiwa umeufungua ukurasa wako. Je, kitu hicho kingetambulika kwa urahisi bila kutaja jina? Je, umetumia alama kwa kiasi kinachohitajika tu? Je, umefanya lolote la kuashiria kwamba kampuni inakudhamini au imekuidhinisha?

Swali la pili na la tatu ndiyo yanayowaangusha wenye tovuti binafsi. Maandishi yao hayana tatizo, lakini juu ya ukurasa wameweka nembo kubwa ya kampuni, rangi zile zile na mwandiko ule ule, halafu kichwa kinasomeka “Kituo cha Msaada cha” fulani. Mgeni akitua hapo atadhani amefika kwenye ofisi yao. Badilisha sura ya ukurasa, na dai kubwa linaweza kubaki bila miguu, bila wewe kufuta hata aya moja.

Na nembo?

Iondoe, isipokuwa ukurasa unaijadili nembo yenyewe. Jina lililoandikwa kwa herufi za kawaida karibu daima linatosha kumweleza msomaji unachozungumzia. Tena nembo huweza kulindwa mara mbili, kama alama ya biashara na kama mchoro wenye hakimiliki, na kwa hakimiliki ule utaratibu wa DMCA unafanya kazi.

Tovuti yangu haina biashara. Hilo linanilinda?

Linakusaidia sana, lakini si ngao ya kila upande. Sheria za alama za biashara kwa kawaida hugusa matumizi yanayofanyika katika biashara. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua kesi ya Bosley Medical dhidi ya mgonjwa ambaye hakuridhika na upandikizaji wa nywele, akafungua tovuti ya kuikosoa taasisi hiyo kwenye kikoa chenye jina la taasisi yenyewe. Mahakama ilisema matumizi yake hayakuwa ya kibiashara, kwa hiyo hakuvunja haki ya alama. Lakini dai linalohusu kikoa chenyewe, chini ya sheria ya mwaka 1999 ya kupambana na wanaojinyakulia vikoa, liliruhusiwa kuendelea, kwa sababu sheria hiyo haitaki pawepo matumizi ya kibiashara.

Chunguza pia kama kweli “haina biashara”. Matangazo, viungo vinavyokulipa kamisheni, kitufe cha michango, duka la fulana: vyote hivi mlalamikaji atavitaja. Havikufanyi mkosaji, ila vinakutoa kwenye kundi la wasio na faida. Kama ukurasa mmoja tu ndio unaolalamikiwa, ondoa matangazo kwenye ukurasa huo, hasa yale ya washindani wa kampuni inayolalamika.

Nimeikosoa kampuni. Wanaweza kutumia alama ya biashara kuninyamazisha?

Wanaweza kujaribu, na hili ndilo linaloniuma zaidi katika mambo haya yote. Alama ya biashara ipo ili mnunuzi asidanganywe kuhusu bidhaa imetoka wapi. Mtu anayesema kwa jina lake, “nilinunua hiki, kikaharibika, na nilipowaandikia walinijibu hivi,” hamdanganyi yeyote kuhusu hilo; anampa mnunuzi mwingine taarifa. Kumfungia mdomo kwa kisingizio cha alama ni kuigeuza sheria imdhuru yule iliyetungwa kumlinda.

Usichanganye hata hivyo ukosoaji na kashfa. Ukidai jambo lisilo la kweli kuhusu kampuni, hatari yako haiko kwenye alama ya biashara bali kwenye sheria ya kashfa, na huko kanuni ni nyingine. Pitia maandishi yako: yapi uliyaona mwenyewe, yapi una risiti au barua zake, yapi ni maoni yako? Maoni yaandikwe kama maoni. Palipo na kosa la ukweli, sahihisha na uweke tarehe ya masahihisho.

Niliandika kwa mzaha. Je?

Inategemea mzaha umekaa wapi. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Jack Daniel's, kampuni ya wiski, dhidi ya mtengenezaji wa kichezeo cha mbwa chenye umbo la chupa yao. Majaji walisema kwamba anayeutumia mzaha kama alama ya bidhaa yake mwenyewe hapati ulinzi maalumu wa uhuru wa kujieleza. Atapimwa kwa kipimo cha kawaida cha mkanganyiko. Makala ya kuchekesha kuhusu kampuni iko salama zaidi kuliko kulifanya jina lililopotoshwa kuwa jina la tovuti yako au la bidhaa unazouza.

Nijibu, au ninyamaze?

Jibu, isipokuwa wakili wako akushauri vinginevyo au barua ni ya kitapeli. Mtu asiyejibu humwachia mlalamikaji nafasi ya kusema, “tulimwandikia, akapuuza.” Kampuni nyingi pia huandika barua hizi kwa sababu mawakili wao huwaambia kwamba alama isiyolindwa hupoteza nguvu, zinachotaka ni rekodi kwamba zilichukua hatua, na jibu la busara huweza kufunga faili.

Si kila barua ni ya vita. Mwaka 2012 Jack Daniel's ilimwandikia mwandishi ambaye jalada la kitabu chake lilifanana na lebo yao. Wakili alimwomba kwa upole abadilishe jalada kitabu kitakapochapishwa tena, na akasema kampuni iko tayari kuchangia gharama akikubali kubadilisha mapema zaidi. Ukiandikiwa kwa sauti hiyo, jibu kwa sauti hiyo hiyo.

Jibu liandikweje?

Fupi, la heshima, lisilo na kejeli. Liandike ukijua kwamba huenda siku moja hakimu atalisoma. Mfano:

“Nimepokea barua yako ya tarehe fulani kuhusu ukurasa wenye anwani hii. Ukurasa huo unataja jina la mteja wako ili kueleza uzoefu wangu wa kutumia bidhaa yake. Hauuzi bidhaa wala huduma, hautumii nembo, na unasema wazi kwamba hauna uhusiano na mteja wako. Sioni namna msomaji anavyoweza kudhani umeandikwa au kuidhinishwa naye. Ili niweze kulipima dai lako, naomba namba ya usajili wa alama, nchi na madaraja yaliyosajiliwa, pamoja na sentensi au picha mahususi unayoilalamikia. Ukinionyesha taarifa isiyo sahihi, nitaisahihisha. Barua hii si kukiri kosa, na haki zangu zote zimehifadhiwa.”

Angalia kilichomo. Hakuna “samahani”, kwa kuwa bado hakuna kosa lililothibitishwa. Hakuna historia ya maisha yako, wala maelezo ya jinsi ulivyopata jina la kikoa. Hakuna ofa ya kuuza chochote. Kila sentensi ni jambo unaloweza kulithibitisha kwa kufungua ukurasa, kwa hiyo usinakili maneno “hautumii nembo” kama nembo bado ipo. Rekebisha kwanza, ndipo uandike.

Tuma kwa njia inayoacha kumbukumbu, na usiendelee na mazungumzo kwa simu. Wakikupigia, waombe kwa adabu waandike.

Nikibadilisha kitu, nitakuwa nimekiri kosa?

Hapana, mradi useme hivyo. Sentensi moja inatosha: “Nimefanya badiliko hili kwa hiari ili kuondoa ubishi, bila kukubali dai lako.”

Kanusho lina maana yoyote?

Lina maana likionekana. Mstari usemao “Hii ni tovuti binafsi, haihusiani na kampuni iliyotajwa” ukiwa juu ya ukurasa humjulisha msomaji kabla hajaanza kusoma. Ukifichwa chini kabisa kwa herufi ndogo za kijivu hausaidii sana. Na kanusho haliokoi ukurasa ambao kila kitu kingine ndani yake kinaiga kampuni.

Hawakuniandikia mimi, wameiandikia kampuni inayohifadhi tovuti yangu.

Hapa haraka inahitajika, kwa sababu kampuni ya kuhifadhi tovuti haina sababu ya kukupigania. Inaogopa kuburutwa kwenye kesi, na mkataba uliokubali unapojiunga karibu hakika unairuhusu kuzima akaunti. Kumbuka pia kwamba kwa alama za biashara Marekani haina utaratibu wa kisheria wa kupinga kama ule wa hakimiliki, ambapo maudhui hurudishwa baada ya muda fulani mlalamikaji asipokwenda mahakamani.

Kwa hiyo waandikie siku hiyo hiyo. Hapa sipingani na niliyosema mwanzoni: kwa mlalamikaji tulia, kwa mhifadhi wako harakisha. Waombe nakala kamili ya malalamiko. Waeleze kwa aya mbili kwamba jina limetumika kuitambulisha bidhaa inayojadiliwa, na taja ulichokwisha kubadilisha. Waombe wakupe muda, na kama ni lazima kuondoa kitu, kiondolewe kile kilicholalamikiwa peke yake, si tovuti nzima. Kama wahifadhi hao wanahudumia Umoja wa Ulaya, Sheria ya Huduma za Kidijitali, inayotumika kikamilifu tangu Februari 17, 2024, inawataka wampe mteja sababu za kuzuia maudhui yake.

Wakati huo huo chukua nakala ya tovuti yote pamoja na hifadhidata yake. Ukiwa na nakala, na kikoa chako kimesajiliwa kwa kampuni tofauti na ile inayohifadhi faili, unaweza kuhamia kwingine bila kupoteza anwani. Wenye tovuti binafsi wengi huviweka vyote kwa kampuni moja kwa sababu ni rahisi. Mimi nashauri vitenganishwe kabla shida haijaja.

Wanakitaka kikoa changu. Wanaweza kukichukua bila kwenda mahakamani?

Ndiyo, na hapa ndipo watu wengi hushindwa kwa kutojibu tu. Kila anayesajili kikoa cha aina ya .com, .net au .org hukubali utaratibu wa migogoro ya vikoa uitwao UDRP, uliopitishwa mwaka 1999 na ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani. Mwenye alama hupeleka malalamiko kwa taasisi kama WIPO, na mwanajopo mmoja au watatu huamua kwa maandishi. Mwaka 2023 pekee WIPO ilipokea kesi zaidi ya 6,000.

Mlalamikaji lazima athibitishe mambo matatu, yote kwa pamoja: kikoa kinafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya, wewe huna haki wala maslahi halali katika jina hilo, na ulikisajili na unakitumia kwa nia mbaya. Likianguka moja, malalamiko yote yanaanguka. Nia mbaya huonekana, kwa mfano, pale mtu anaposajili kikoa ili akiuze kwa mwenye alama kwa bei kubwa kuliko gharama zake. Ndiyo sababu nasema usiwahi kujibu barua kwa “nipeni kiasi fulani mkichukue”. Nakala ya ujumbe huo itaambatishwa kwenye malalamiko.

Kesi ikianza rasmi una siku 20 za kujibu, na ukiomba kabla hazijaisha unaongezewa 4. Kwa jopo la mtu mmoja hulipi chochote. Mlalamikaji ndiye anayelipa, na kwa WIPO ni dola 1,500 za Marekani kwa kikoa kimoja hadi vitano. Ukitaka jopo la watu watatu wakati yeye alitaka mmoja, mtagawana gharama. Katika jibu ambatisha ushahidi wa maslahi yako: kurasa za zamani, kwamba unajulikana kwa jina hilo, au kwamba unalitumia kwa haki bila biashara. Jopo haliwezi kukutoza fidia. Linaweza tu kuamuru kikoa kihamishwe au kifutwe, au kuyakataa malalamiko. Ukishindwa, msajili, yaani kampuni uliyosajilia kikoa, husubiri siku 10 za kazi kabla ya kutekeleza, ili upate nafasi ya kufungua kesi mahakamani. Kama malalamiko yaliletwa kwa hila, liombe jopo litamke kwamba mlalamikaji ametumia utaratibu vibaya.

Kwa tovuti za ukosoaji, majopo hutofautisha sana kikoa ambacho ni jina la kampuni tupu na kikoa chenye neno linaloonyesha wazi kwamba hapo pana malalamiko. Cha kwanza humwambia mgeni, kabla hajafungua ukurasa, kwamba anakwenda kwa kampuni yenyewe. Kama ndicho ulichonacho, ni vyema ufikirie kuhamia cha pili ungali na hiari.

Vikoa vya nchi vina kanuni zao; baadhi hufuata UDRP, vingine vina utaratibu wa kwao. Nchini Marekani mwenye alama anaweza pia kwenda mahakamani moja kwa moja, ambako fidia kwa kila kikoa kilichosajiliwa kwa nia mbaya inaweza kuwa kati ya dola 1,000 na 100,000.

Kikoa ni jina langu la ukoo. Bado wanaweza kunisumbua?

Wanaweza. Mfanyabiashara mmoja wa kompyuta nchini Marekani, ambaye jina lake la ukoo lilikuwa Nissan, alisajili nissan.com mwaka 1994. Kampuni ya magari ilimshtaki mwaka 1999. Mahakama ilimzuia kuweka matangazo ya magari, lakini mwaka 2004 mahakama ya rufaa ilifuta amri iliyomkataza kuisema vibaya kampuni hiyo kwenye tovuti yake. Kikoa kilibaki mikononi mwake, baada ya miaka ya gharama na usumbufu. Jina la kuzaliwa nalo ni hoja nzuri sana, ila lisiwekwe kando ya kitu kinachofanana na biashara ya anayelalamika.

Mlalamikaji yuko nchi nyingine. Nina haja ya kuwa na hofu?

Haki ya alama ni ya nchi kwa nchi. Pendekezo la pamoja la WIPO na Umoja wa Paris (nchi za Mkataba wa Paris wa kulinda miliki ya viwanda) la mwaka 2001 linasema kwamba kuonekana kwa alama kwenye intaneti kuhesabiwe kuwa ni matumizi katika nchi fulani pale tu yanapokuwa na athari za kibiashara huko. Tovuti binafsi isiyouza chochote katika nchi hiyo ina hoja nzuri. Lakini mhifadhi na msajili wako wanaweza kuwa huko, na shinikizo likapitia kwao.

Wamenitumia hati ya ahadi nisaini. Je, nisaini?

Usisaini hati iliyoandikwa na upande wa pili kabla wakili wako hajaisoma. Hati hizi mara nyingi hudai zaidi ya barua yenyewe: kwamba unakiri kosa, kwamba hutalitaja jina hilo milele, kwamba utalipa kiasi fulani kila ukikiuka, kwamba hutamwambia mtu yeyote. Hata ukiwa tayari kuondoa ukurasa, unaweza kuuondoa na kuwaarifu kwa barua yako mwenyewe bila kujifunga kwa maisha. Wakidai pesa, waombe maelezo ya hasara waliyoipata na namna walivyoihesabu.

Niichapishe barua yao hadharani?

Subiri. Kuichapisha siku ya kwanza kunaweza kuifanya kampuni iliyokuwa tayari kuelewana iamue kupigana, na baadhi ya mawakili hudai hakimiliki juu ya barua zao. Kama unaamini umeonewa na unataka watu wengine wanufaike, unaweza kuipeleka kwa Lumen, hifadhi iliyoanza kwa jina la Chilling Effects na kubadili jina mwaka 2015, ambayo hukusanya madai ya kuondolewa kwa maudhui ili yachunguzwe na watafiti. Ondoa kwanza taarifa binafsi za watu.

Ni wakati gani siwezi kuepuka wakili?

Umepata hati za mahakama. Umeombwa usaini au ulipe. Tovuti ndiyo inayokulisha. Au barua imetaja fidia kwa kiasi maalumu. Kama gharama ni tatizo, vyuo vikuu vingi vyenye vitivo vya sheria vina kliniki za msaada wa kisheria, na mawakili wengi hukubali kulipwa kwa kusoma barua moja na kupitia rasimu ya jibu tu. Muulize pia kuhusu sheria ya vitisho: Uingereza, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 2017 inayompa aliyetishiwa kesi bila msingi nafasi ya kwenda mahakamani yeye mwenyewe, ingawa ina vighairi vyake.

Nimejibu, na sasa wamenyamaza. Je, yameisha?

Mara nyingi ndiyo, lakini hawatakuandikia kukuambia hivyo. Usiwaandikie tena kuuliza. Tunza faili lote: barua, jibu, picha za skrini za kabla na baada, na tarehe ya kila badiliko. Hakikisha anwani ya barua pepe iliyo kwenye usajili wa kikoa ni ile unayoifungua kila siku, kwa sababu taarifa ya UDRP itatumwa huko na siku 20 zitahesabiwa uwe umeisoma au hujaisoma. Lipia pia kikoa kabla muda wake haujaisha. Mwanya wa malipo yaliyosahaulika unamtosha mtu anayekisubiri.